Robo Saa Iliyokatwa

Kila siku masomo yalipomalizika, Kidoti hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa shangazi yake, fundi viatu, ambaye karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana lililotazama barabara. Jina la Kidoti lilitokana na alama ndogo nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Hata walimu walikuwa wameshasahau kumwita vinginevyo. Akifika, alitundika mkoba kwenye msumari, akavaa aproni iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, kisha akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Chumba kile kilinukia ngozi, gundi na dawa ya viatu. Kwenye rafu, viatu vilipangwa jozi kwa jozi, kila jozi imefungiwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Shangazi alishinda nyuma ya chuma cha kugongea, miwani imemteremka hadi ncha ya pua, misumari midogo ameibana kwa midomo. Kwa sababu ya misumari hiyo, wateja waliomsalimu walijibiwa kwa nyusi.

Kazi ya Kidoti ilikuwa kufagia, kutenganisha misumari mirefu na mifupi, na kupiga msasa soli zilizosubiri kubandikwa. Baada ya wiki nne, uvumilivu ulimwishia.

"Shangazi, nitapiga msasa mpaka lini? Wenzangu wakiniuliza nimejifunza nini, niwaambie nimejifunza vumbi?"

Shangazi alitoa misumari mdomoni, akacheka. "Msasa ni hodi, mwanangu. Gundi haiingii katika nyumba ambayo haijabishiwa hodi. Soli ikikwaruza kidole kama ulimi wa paka, ujue mlango umefunguliwa."

"Huo ulimi wa paka nimeshaugusa mara mia."

"Basi leo utaugusa mara ya mia na moja. Kiatu hicho hapo kinakusubiri."

Jioni hiyo, mama yake alipokuwa akipika, Kidoti aliomba simu, akatafuta mtandaoni namna ya kubandika soli. Akapata video iliyompendeza mno. Ilionyesha mikono miwili ya fundi ambaye uso wake haukuonekana. Hakukuwa na maneno, ila muziki tu. Mikono ile ilibandua soli kuukuu, ikasafisha, ikapiga msasa, ikapaka gundi, ikabandika, ikagonga kwa nyundo. Kazi nzima ilichukua dakika nne. Kidoti aliitazama mara nane na kuandika hatua zote sita katika daftari lake. Alipofunga daftari, alijiona fundi kamili. "Kumbe ni rahisi hivi!" alijisemea. "Shangazi ananichelewesha bure."

Rafiki yake mkubwa aliitwa Kengele, kwa kuwa sauti yake ilifika mahali kabla yake. Tangu kuzaliwa, mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, kwa hiyo kiatu chake cha kulia kilikuwa na soli nene, unene wa vidole vinne, ambayo Shangazi aliijenga tabaka juu ya tabaka. Wapo waliojaribu kumcheka. "Mimi navaa ghorofa, nyinyi mnavaa vibanda," aliwajibu. Muhula huo alikuwa amechaguliwa kuongoza kwaya ya shule. Siku ya kufunga shule, Ijumaa, angesimama jukwaani mbele ya wazazi wote na kuziongoza nyimbo tatu kwa mikono yake.

Jumatatu ya wiki hiyo, Shangazi alitoka kwenda kununua ngozi. "Pokea viatu, andika majina kwenye daftari, waambie wateja nitarudi baada ya saa moja," alimwagiza Kidoti. "Kingine chochote kiache kama kilivyo."

Hakuwa amefika mbali Kengele alipoingia.

"Shangazi yuko? Kiatu changu kimeanza kupiga miayo." Aliinua mguu wa kulia. Ukingo wa mbele wa ile soli nene ulikuwa umeachama kidogo.

"Ametoka. Lakini keti, nitakutengenezea."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

"Mikono unayo. Shangazi amekufundisha?"

Kidoti alisita kidogo tu. "Nimefundishwa," alijibu, bila kusema ni nani aliyemfundisha.

"Haya, Fundi!" Kengele alivua kiatu, akamkabidhi kwa heshima za kuigiza. "Usije ukanibandika na soksi."

Kidoti alifuata hatua zake sita bila kuruka hata moja. Alibandua soli yote, akasafisha, akapiga msasa, akapaka gundi pande zote mbili. Gundi ilikuwa bado inang'aa kama maji alipobandika na kuanza kugonga. Kengele alikivaa, akatembea hadi dirishani na kurudi, akazunguka mara mbili kwa kisigino. Kiatu kilionekana kizima. Walipeana mikono kama watu wakubwa, wakacheka.

Jina la Kengele halikuandikwa daftarini. Shangazi aliporudi na kuuliza kama amekuja mteja yeyote, Kidoti alijibu, "Hakuna." Kisha akachukua ufagio, akafagia tena sakafu aliyokwisha kuifagia.

Kesho yake asubuhi, Kengele alipokuwa akipanda ngazi za shule, ile soli nene iliteleza upande, ikaachana na kiatu. Alianguka kwa kiganja na goti. Wanafunzi walikusanyika, na muuguzi wa shule akaja kumfunga bendeji. Goti lilikuwa limechubuka tu, lakini kiwiko cha mkono wa kulia kilikuwa kimeteguka. Kidoti aliiokota soli kwenye ngazi ya tatu, akasimama nayo mbele ya rafiki yake.

"Kengele, mimi..."

"Nyamaza kwanza," alisema Kengele. "Mkono unaniuma." Ilikuwa mara ya kwanza Kidoti kumsikia akizungumza kwa sauti ndogo.

Alasiri, Mama Kengele aliingia karakana akiwa na kiatu ndani ya mfuko. Jina la utani la binti yake lilikuwa limemfikia naye, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Fundi, miaka sita nimekuamini na mguu wa mwanangu. Sijawahi hata siku moja kukuuliza umetumia gundi gani. Leo ameanguka mbele ya shule nzima. Ijumaa anatakiwa asimame jukwaani, na mkono ndio huo umefungwa. Nikuulize nini sasa?"

Shangazi alikitoa kiatu mfukoni, akakigeuza, akaibonyeza gundi kwa kidole gumba. Ilikuwa bado laini, ikavutika kama utomvu. Akafungua daftari la viatu, akapitisha kidole kwenye majina ya jana. Kisha akamtazama Kidoti, mara moja tu, na kurudisha macho kwenye kiatu.

"Nisamehe, Mama Kengele. Kimetoka katika karakana yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe, mlangoni kwako."

"Ukileta nitakipokea, kwa kuwa hana kingine," alijibu Mama Kengele kwa upole uliouma kuliko ukali. "Lakini safari hii nitakikagua."

Akatoka. Kidoti alibaki kwenye kigoda, kipande cha msasa mkononi. Shangazi alikuwa ameinama akikwangua ile gundi, kwa mikono ambayo haikuwa imekosea. Kidoti hakuweza kuitazama. Alitupa msasa chini, akakimbilia barabarani, aproni ikimkwaza miguu.

"Mama! Mama Kengele! Nisubiri!"

Mama Kengele aligeuka.

"Si Shangazi," Kidoti alisema akihema. "Ni mimi niliyekibandika. Shangazi hakuwepo, wala hakujua. Nilimwambia Kengele nimefundishwa, kumbe nilitazama video tu. Usimkasirikie Shangazi. Nikasirikie mimi."

Mama Kengele alirudi hatua mbili hadi kwake. "Shangazi yako umemwambia?"

"Bado."

"Maneno hayo yana wenyewe wawili, mwanangu. Mmoja ameshapata haki yake. Rudi ukampe wa pili."

Kidoti alirudi, akasimama mlangoni, akasimulia yote: video, hatua sita, jibu alilompa Kengele, na lile "hakuna" la jana. Alipofika hapo machozi yalimtangulia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfuta uso kwa ncha ya aproni, iliyomwachia alama ya dawa ya viatu puani.

"Nilijua tangu nilipoigusa gundi," alisema. "Nina makosa yangu mengi, lakini kubandika kabla ya wakati si mojawapo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Kukuita ningeweza, lakini ungekuja miguu tu." Alivuta simu yake mfukoni, ambayo kwa kawaida aliitumia kupiga na kupokea basi. "Haya, nionyeshe huyo mwalimu wako."

Kidoti alidhani Shangazi angeidharau ile video. Badala yake, Shangazi alisogeza miwani na kutazama kwa makini, akiguna kwa kuridhika. "Ona anavyoshika kisu! Huyu ni fundi hasa. Ningependa kumwona." Mara akanyoosha kidole. "Simamisha hapo. Rudisha nyuma kidogo. Kivuli cha lile kopo la gundi kiko wapi?"

"Kiko kwenye ukingo wa meza."

"Twende mbele. Na sasa?"

Kidoti alikodoa macho. Mkono ulikuwa umemaliza kupaka gundi, na papo hapo ukawa unabandika soli. Lakini kivuli cha kopo kilikuwa kimeuacha ukingo wa meza na kusogea karibu na nyundo. Hata gundi ilikuwa imebadilika. Kwanza iling'aa, kisha ikawa imefifia.

"Jua limetembea," Kidoti alinong'ona.

"Limetembea robo saa, au zaidi. Alisubiri gundi ivute, kisha akaikata sehemu hiyo, maana nani atakaa kutazama gundi ikikauka? Hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa humo alimokata." Shangazi aliiweka simu mezani. "Tena video haiwezi kukuona. Haikuona gundi yako ikiwa mbichi. Kwa hilo ungenihitaji mimi."

Walianza upya. Kidoti alikwangua gundi yote, akapiga msasa, na safari hii hakulalamika. Walipokuwa tayari kupaka, Shangazi alikumbuka jambo. Mwalimu wa stadi za kazi alikuwa amemwomba mara nyingi aende kuwafundisha wanafunzi, naye hakuweza kuiacha karakana.

"Wewe unaijua simu, mimi naijua gundi," alisema. "Tuwatengenezee video. Ila isikatwe."

Waliiegemeza simu kwenye buti kubwa la mlinzi wa benki. Mara ilipoanza kurekodi, Shangazi alikauka kama nguzo, akatoa sauti ambayo Kidoti hakuwahi kuisikia.

"Watazamaji wapenzi, habari za wakati huu..."

"Shangazi! Unasoma taarifa ya habari?"

"Sasa nizungumze na nani? Na buti la mlinzi?"

"Zungumza na mimi."

Shangazi akamgeukia, na sauti yake ikamrudia. Alipaka gundi nyembamba pande zote mbili, akaviweka vipande mezani, akakunja mikono. "Sasa tunangoja. Atakayebandika sasa hivi ataunganisha maji na maji." Katika kungoja huko alimwonyesha Kidoti namna ya kupima kwa mgongo wa kidole: kikinata, bado, kikiteleza bila kunata, tayari. Kati ya kipimo kimoja na kingine walizungumza.

"Kiatu cha kwanza nilichobandika mimi kilikuwa cha baba yangu," Shangazi alisema. "Nami nilikuwa na haraka kama zako. Kiliachia soli akiwa harusini, anacheza."

"Alikuchapa?"

"Alimaliza kucheza kwa kiatu kimoja. Aliporudi akaniambia, 'Sasa tuanze kujifunza.' Hebu pima."

"Bado kinanata."

"Basi tungoje."

Asubuhi iliyofuata walikipeleka kiatu pamoja. Mama Kengele alikikagua kama alivyoahidi. Alikikunja, akakivuta, akakigonga ukutani, kisha akampa binti yake. Kengele alikivaa polepole. Hakuzunguka kwa kisigino.

"Kengele, naomba unisamehe," Kidoti alisema. "Umeumia kwa sababu yangu."

"Kuanguka sikukasirikii. Hata ghorofa za wahandisi huanguka." Kengele alimtazama usoni. "Nimekasirika kwa sababu nilikuuliza waziwazi, ukanipa jibu nusu. Ungesema ni video, labda ningekupa kiatu hivyo hivyo. Lakini ningeenda ngazini nikijua."

Kidoti alikubali kwa kichwa. "Ukiniuliza tena, nitakujibu lote."

"Haya. Kimeshika?"

"Shangazi ndiye aliyegonga. Mimi nilipiga msasa na kupima gundi. Tulingoja dakika kumi na nane. Nadhani kimeshika, lakini leo usiruke, kipumzike hadi jioni."

Kengele alitabasamu kidogo. "Hilo sasa ni jibu," alisema, akamshika mkono kwa ule wa kushoto.

Alhamisi, Mwalimu wa stadi za kazi aliionyesha video darasani kwa kompyuta ya shule. Wanafunzi walicheka Shangazi aliposalimia, wakanyamaza alipopaka gundi. Alipokunja mikono kungoja, viti vilianza kulia.

"Mwalimu, isogeze mbele!" alipaza sauti mvulana aliyeitwa Haraka, na jina hilo hakupewa bure. "Hapo hakuna kinachotokea!"

Mwalimu alipeleka mkono kwenye kompyuta, lakini Kengele alikuwa amesimama.

"Usiisogeze, Mwalimu. Hapo ndipo nilipoangukia mimi."

Mwalimu alirudisha mkono, akafikiri, kisha akaisimamisha video. Aligawa vipande viwili vya ngozi kwa kila dawati na kupitisha kopo la gundi. Wote walipomaliza kupaka, akaiwasha tena, na wanafunzi arobaini wakangoja pamoja na Shangazi wa kwenye kioo, wakipima kwa mgongo wa kidole. Haraka alipima mara kumi na tatu. Vipande vyake viliposhikana, alivivuta hadi uso ukamwiva, visiachane, naye akapiga kelele za furaha kuliko wote. Kidoti alipita dawati hadi dawati akitazama gundi za wenzake, maana hilo video haikuweza kulifanya. Mwalimu aliahidi kuiweka kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, nzima kama ilivyo, ili na shule nyingine zifundishie.

Ijumaa uwanja ulijaa wazazi. Kidoti alikaa kati ya Shangazi na Mama Kengele, na macho yake hayakutoka kwenye kiatu cha kulia cha rafiki yake. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kengele alisimama katikati ya jukwaa, akauinua mkono wa kushoto peke yake, na kwaya ikaitikia. Kufikia wimbo wa tatu alikuwa akipiga mdundo kwa mguu, mguu wa kulia, tena kwa nguvu. Kila alipoukanyaga, Kidoti alishtuka, na kila aliposhtuka Shangazi alimbana kiganja chake. Soli ilishika. Wimbo ulipoisha, Kengele aliinama mbele ya wazazi, akainuka akicheka, na Kidoti akagundua kwamba wimbo wenyewe hakuusikia hata kidogo.

Watu walipokuwa wakipiga makofi, Shangazi alimwinamia sikioni.

"Mwanangu, jifunze popote: kwa video, kwa kitabu, kwa mtu. Elimu haina mlango mmoja. Lakini kila utakachoonyeshwa, uliza nini kimekatwa. Na wewe ukiulizwa, usikate. Yule fundi aliondoa robo saa. Wewe uliondoa jina la mwalimu wako. Yote mawili yalimfikia Kengele ngazini."

"Nimeelewa, Shangazi."

Mama Kengele alikuwa amesikia. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akageuka.

"Fundi, mguu wa huyu mtoto unakua. Likizo hii atahitaji kiatu kipya. Nani atakitengeneza?"

Shangazi alimwachia Kidoti swali hilo.

"Shangazi atakata na kujenga soli," alisema Kidoti taratibu, akichagua kila neno. "Mimi nitapiga msasa, nipake gundi na kungoja, yeye akinitazama. Lakini Mama Kengele, tutachelewa kumaliza."

"Cheleweni, mwanangu," alisema Mama Kengele, akamvuta karibu yake. "Cheleweni kabisa."